Vipande Tisa Vilivyoachwa Wazi

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Mpango wa Chakula kwa Kazi, wataalamu mliofuatana naye, mwenyekiti wetu, mama zetu, baba zetu na ndugu wote, mliopata viti na mliokosa:

Karibu. Sisi wanakikundi wa Shika Udongo, watu mia moja na wanne, tumefurahi kukuona kwa macho, maana mpaka leo tulikuwa tunaijua sahihi yako tu. Imetufikia mara mbili. Ya kwanza ilifunga kazi, ya pili ikaifungua. Tumeambiwa risala iwe fupi. Tutajitahidi, ila lipo jambo ambalo tukilifupisha litakuwa uongo, na uongo tumeshauonja, hatuutaki tena.

TULIKOTOKA

Mheshimiwa, mashamba yetu yako mteremkoni, na chemchemi tunayochota iko chini yake. Kila mvua ilishuka na udongo, mpaka maji ya kunywa yakawa rangi ya chai. Katika miezi ya njaa mpango wako ulitupa kazi ya kuchimba makinga maji na kupanda mistari ya nyasi ya kukata mteremko. Kila kaya iliyofanya kazi ikapata gunia la mahindi. Gunia hilo ndilo lililowabakiza watoto wetu darasani badala ya kwenda kuponda kokoto.

Baadaye akaja mtafiti. Tulimwita Dada Kwa Nini, kwa sababu hata ukimwambia umeamka salama anauliza kwa nini. Alitaka kujua kama nyasi zinashika udongo kweli au tunajifariji. Akachagua vipande kumi na vinane vya mashamba, akatia karatasi kwenye kofia ya mwashi wetu. Aliyeokota karatasi yenye alama alipandiwa nyasi. Aliyeokota tupu, kipande chake kiliachwa wazi ili vilinganishwe. Upande wa chini wa kila kipande ikafukiwa ndoo ya kupokea tope. Anayewasomea risala hii ndiye aliyepewa mizani na daftari, kwa kuwa alimaliza darasa la saba na hana haraka.

Fundi Cherehani, mjane anayelea wajukuu wanne, aliokota tupu. Akaikunja ile karatasi, akasema, "Hata kwenye kofia ya watu, bahati yangu inajificha." Tukacheka. Mvua ya kwanza ilipopiga, kicheko kiliisha.

KOSA LETU

Kichwa hiki hakimo katika utaratibu wa risala tuliopewa. Tumekiongeza wenyewe.

Mvua ile iliacha mizizi ya maharage ya Fundi Cherehani nje kama nyuzi za nguo iliyochanika. Sisi akina mama tulipita pale na madumu kichwani. Udongo wetu umetulia nyuma ya nyasi, wake unateremka. Mmoja akasema, "Jamani, utafiti ni utafiti." Mwingine akamjibu, "Na jirani naye ni nini?" Kesho yake asubuhi tulimpandia nyasi katikati ya mahindi, kidogo kidogo, mgeni anayepita barabarani asizione. Na kwa kuwa ukimfunika mmoja wengine wataona baridi, tukavipandia vyote tisa vilivyoachwa wazi.

Ndoo zikaanza kutoa tope lililolingana. Daftari liliandikwa mizani ilivyosema. Mizani haikudanganya. Tulidanganya sisi kwa kunyamaza, na mwenye daftari alikuwa mmoja wetu, naye alikuwa anaona. Dada Kwa Nini alikuwa mbali, akapokea hesabu, akaziamini.

Ndipo barua yako ya kwanza ikaja. Mwenyekiti aliisoma kwenye darasa la kwanza, sisi tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Ilisema utafiti haukuona tofauti kati ya penye nyasi na pasipo nyasi, kwa hiyo kazi itafungwa baada ya mavuno. Hatukukulaumu, Mheshimiwa. Wewe ulifuata ushahidi. Ushahidi tulikuwa tumeupika sisi.

Mwashi akasema, "Tukikiri, watatufuta hata majina."

Fundi Cherehani alikuwa anatia kifungo kwenye shati la mtu, hakuinua macho. Akasema, "Mlinipandia kwa huruma, nawashukuru. Sasa huruma yenu inawanyima chakula watu mia moja na wanne, na mimi nimo. Kesho nazing'oa."

"Udongo wako utakwisha, dada."

"Basi ukwishe ukiwa umeandikwa."

Akazing'oa kweli, kwa mikono yake, mstari baada ya mstari, na wenzake wanane wakafuata. Siku hiyo hiyo tulimpigia simu Dada Kwa Nini tukamweleza yote. Safari hii hakuuliza kwa nini. Alisema, "Kosa ni langu pia. Niliwaomba mmtazame jirani akiharibikiwa, na sikuwaachia cha kumpa." Akaufuta msimu ule kwenye hesabu zake, akaenda mwenyewe ofisini kwako kuomba msimu mmoja zaidi. Tunakushukuru kwamba ulimsikiliza.

YALIYOPATIKANA

Msimu huo, penye nyasi ilipojaa ndoo moja ya tope, pasipo nyasi zilijaa tano, kwingine sita. Kunde na mahindi ya penye nyasi yalisimama, ya pasipo nyasi yalilala. Chemchemini, mtoto akidondosha kijiko anakiona kilipo.

Barua yako ya pili ikasema kazi itaendelea miaka mitano, na mteremko wa jirani nao utaingizwa. Mwenyekiti aliisoma mara tatu kwa kuombwa. Mwashi, mtu mzima mwenye wakwe, alikaa sakafuni akavua kofia akajipepea. Wengine tulirudi nyumbani tukalala mchana kweupe, sufuria zikaungua, na hakuna mume aliyegomba.

TUNAYOOMBA

Mgeni rasmi, hatuna mengi. Tunaomba matokeo ya utafiti yawe yanarudi kwa waliopimwa, kwa lugha wanayoisoma, hata kama ni ukurasa mmoja uliobandikwa kwenye mlango wa ghala. Na kofia ile ikipita kwa wengine, aliyeokota tupu apewe gunia la ziada kabla ya mvua, si baada yake, ili majirani wasilazimike kuchagua kati ya ukweli na utu.

La tatu ndilo linalotukaa moyoni. Mkataba wa utafiti unasema vipande tisa visiguswe mpaka ofisi yako itoe ruhusa. Jibu limepatikana, ruhusa haijafika, na mawingu yameanza kukaa juu ya mlima. Kipande cha Fundi Cherehani kimebakiwa na udongo wa kina cha kiganja tu. Mvua moja kubwa ikipita, chini yake ni mwamba. Mara ya kwanza tulipanda bila kuuliza. Leo tunauliza.

Miche ya nyasi iko tayari. Na kuna jambo ambalo wanakikundi wengi wanalisikia sasa hivi kwa mara ya kwanza. Mwenye daftari aliagizwa kwamba akishapima tope alimwage. Hakulimwaga. Alilianika kwenye stoo ya shule, akalitia kwenye magunia matupu ya mahindi, kila gunia na namba ya kipande chake. Aliona udongo wa mtu si wa kutupwa. Wa Fundi Cherehani ni magunia saba, yako nyuma ya mlango wa stoo. Mwenyewe ameketi safu ya pili, na sindano yake imesimama.

Mheshimiwa, ukisema ndiyo kabla ya chakula, chakula kitasubiri. Mabega ya kuyarudisha magunia hayo shambani yapo mia moja na manne.

Mungu akulinde barabarani, akuzidishie masikio ya kutusikiliza, na mvua ikukute umeshafika kwako.

Ni sisi,
Kikundi cha Shika Udongo,
pamoja na wenye vipande tisa.