Gari Lililowashwa Kila Jumamosi: Kumuaga Fundi Mkuu Mansuetus Kinunda

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mzee Mansuetus Kinunda, Fundi Mkuu wa gereji ya ushirika wetu wa kahawa hapa Mbinga, anastaafu rasmi. Kamati ya sherehe ilitafuta mtu mwenye kalamu nzuri wa kuandika wasifu wake, ikamkosa, ndipo ikanigeukia mimi, Tadei Hyera, msaidizi wake. Naomba radhi mapema. Nimezoea kukaza nati, sentensi sijui zinakazwaje.

Mzee Kinunda ni mzaliwa wa Ukata. Aliingia gerejini kuosha vipuri, akapanda hadi kuwa mkubwa wetu sote. Kwa miaka yote hiyo kahawa ya wakulima haikuwahi kulala milimani kwa sababu ya lori bovu. Mwaka ule wa mvua kubwa, lori lilipokwama mlimani na mzigo wake, alifungua giaboksi chini ya turubai, tope likimfika magotini, akaifunga tena kabla ugali wa dereva haujaiva. Wapo wanaosema ugali ulichelewa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Nilikuwepo, na ni kweli kuni zilikuwa mbichi, lakini lori liliondoka.

Sifa hizo ni za upande wa dizeli. Upande wa petroli kuna habari nyingine, na mwenyewe amesisitiza iandikwe, maana anasema wasifu wa sifa tupu husomwa msibani.

Zamani kidogo, mnunuzi mmoja wa kahawa kutoka ng'ambo alipofunga virago, Mzee alinunua gari lake la spoti: jekundu, la zamani hata siku hiyo, viti viwili tu, na lililo chini kiasi kwamba ukitaka kuingia unaanza kwa kuchuchumaa. Kwa barabara tulizokuwa nazo, gari lile lisingefika mbali likiwa na tumbo lake zima. Akaliingiza bandani nyuma ya gereji, akamwahidi mkewe, Mama Ephrasia, mzaliwa wa Lundo kule ziwani, kwamba siku lami itakapofika Mbamba Bay atampeleka kwao kumsalimia mama yake ndani ya gari hilo. Mama mkwe, Bibi Benadetha, alipopata habari aliwatangazia majirani. Watu wa Lundo wakishaahidiwa kitu hawasahau.

Ili gari lisife, Mzee alianzisha utaratibu. Kila Jumamosi baada ya kufunga kazi tuliliosha, tukalifuta kwa fulana laini, kisha akaliwasha. Sisi mafundi tulilizunguka na vikombe vya chai mkononi, boneti wazi, tukiisikiliza injini kama watu walio kwenye mahubiri. Notburga wa stoo alikuwa akiacha kazi zake aje. Chai ikiisha, Mzee anazima ili petroli isipotee bure, tunalifunika turubai, tunatawanyika tumeridhika. Gari halikusogea hata urefu wa kitanda. Na hao ndio mafundi ambao siku za kazi waliwagombeza madereva kwa kuacha malori yakae bila kutembea.

Lami ikafika. Mzee akavaa suti, Mama Ephrasia akafunga kitenge kipya, gari likawashwa, likapiga chafya, likatoa moshi mweupe, likazima pale pale mlangoni. Tulilisukuma kurudi bandani bila kuangaliana. Kuanzia hapo kila mchuuzi wa dagaa usipa aliyepanda kutoka ziwani alileta salamu moja: Bibi Benadetha anauliza, gari limeamka?

Mzee alipoamua kuifungua injini, tulikuta mambo. Petroli iliyolala kwenye tenki ilinuka kama rangi ya mlango, na kwenye kabureta ilikuwa imegeuka ulimbo. Mipira ilikuwa imekauka na kupasuka. Panya walikuwa wamejenga ndani ya chujio la hewa na kuweka akiba ya mahindi. Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa kwenye kifuniko cha oili: uji mzito wa rangi ya maziwa. Injini ikiwashwa hujitengenezea unyevu ndani, na unyevu huo hutoka pale tu inapopata moto wa kutosha, yaani gari likitembea. Yetu tuliizima kila ilipoanza kupata joto, kwa hiyo maji yalibaki humo, yakachanganyika na oili, yakaleta kutu kila yalipogusa. Ringi zilikuwa zimeshikana na pistoni. Mzee aliutazama ule uji, akakaa juu ya tairi, akacheka mpaka akafuta machozi. Alisema lingeachwa bila kuguswa kabisa lingekuwa na afya kuliko lilivyotunzwa na gereji nzima.

Kicheko kilikoma wakati wa Kwaresima, Bibi Benadetha alipougua. Alipata nafuu, ila macho yalianza kufifia na miguu ikakataa safari. Mama Ephrasia hakulalamika, na hilo ndilo lililomuumiza mumewe zaidi. Naandika wazi kwa sababu nilimwona: mtu ambaye hakuwahi kuogopa lori linaloning'inia korongoni aliogopa kwamba ataingia Lundo na gari lake siku ya maziko.

Basi ikawa kazi kila jioni. Tulimwaga petroli yote na oili yote, tukaosha tenki, tukachomoa pistoni, tukasaka ringi Songea hadi Makambako. Mpira mmoja wa maji tuliukata kwenye mashine mbovu ya kumenyea kahawa. Mimi nilipewa plagi, nikazifunga nyaya kinyume, injini ikamisi mapigo na kupiga risasi hadi kuku wa jirani wakahama. Mzee alizirudisha mahali pake mwenyewe na hakunipa tena plagi.

Jumamosi iliyopita hatukunywa chai bandani. Mzee na mkewe walishika barabara ya Mbamba Bay, sisi nyuma yao na pikapu iliyobeba spana, betri ya akiba na kamba ya kuvutia. Kwenye miteremko gari lilikohoa mara chache, kisha likapata moto, moshi ukakatika, sauti ikanyooka. Kamba haikufunguliwa. Lami ilipoisha na kuanza vumbi la kwenda Lundo, Mama Ephrasia alishuka mara kwa mara kuondoa mawe mbele ya gari lililokuja kumtembeza.

Bibi Benadetha alitolewa nje akaketishwa kwenye kiti. Mzee akapiga magoti kwa mbali, kama impasavyo mkwe, akampa shikamoo. Bibi akaomba asogezwe. Akalipapasa boneti kwa viganja, akatamka mbele ya majirani kwamba ni la moto, kwa hiyo limekuja lenyewe, halikubebwa. Halafu akasema anataka kupanda.

Hapo fundi wetu mkuu akagundua jambo ambalo miaka yote ya kusikiliza injini hakulifikiria. Gari lina viti viwili, na kwetu mwanamume hakai bega kwa bega na mama mkwe wake, hata gari liwe jekundu namna gani. Mama Ephrasia, ambaye huendesha lori dogo la mahindi la kikundi chao cha akina mama, alinyoosha mkono akaomba ufunguo.

Mzee akampa. Binti na mama wakaondoka, wakapita kanisani, wakateremka hadi mwaloni kwenye mitumbwi ya wavuvi, vigelegele vikiwafuata. Mwenye gari alibaki barabarani, suti imejaa vumbi. Nilimuuliza kama haumii kuikosa safari hiyo. Aliniashiria ninyamaze. Gari lilikuwa linarudi, bado halijaonekana, naye alitaka kusikiliza. Alisema hajawahi kulisikia likija kutoka mbali. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Mzee Kinunda, wakulima na sisi wa gereji tunakushukuru kwa kazi, kwa subira, na kwa kutuacha tukucheke. Tunawatakia wewe na Mama Ephrasia uzee wenye nguvu na safari nyingi. Sisi huku tutaendelea kukosea. Pita mara moja moja, nawe utucheke.