Msumari wa Mwisho Kwenye Nyumba ya Mshonaji

Mgeni rasmi, Fundi wetu mpendwa, ambaye mtaa mzima unakuita Taratibu;
Baba Mdogo, msemaji wa familia;
Majirani mliotuazima viti, na ninyi mliokuja kuvikalia;
Shangazi yetu, uliyeketi karibu na mlango ukijifanya unatunga uzi kwenye sindano:

Salamu zimfikie kila mmoja hapo alipo.

KARIBU

Mgeni rasmi, tunajua hukutegemea kuitwa hivyo. Ulidhani unakuja kukabidhi kazi, ndiyo maana umetokea na ovaroli na penseli sikioni. Hivyo hivyo unatosha. Karibu kwenye kiti ulichokitengeneza mwenyewe. Kikiyumba, wa kulaumiwa unamjua.

Ninayesoma ni kitinda mimba wa nyumba hii. Kaka alisema sauti yake itakwama, Dada akasema atalia, basi mzigo ukamwangukia mnyonge. Lakini maneno ni yetu sote watatu.

HISTORIA

Nyumba hii ni ya Shangazi. Alitupokea hapa sisi watoto wa kaka yake tulipofiwa na wazazi, kila mmoja na kifurushi chake, akatulea kwa cherehani. Mumewe alikuwa ameshatangulia. Huwa anasema hakupata hata muda wa kulia, kwa sababu kulikuwa na sare za shule za kushona.

Miaka ikaenda, paa likachoka. Kenchi zinazobeba mabati zilibonyea, dari ya sebuleni ikashuka kama tumbo la mtu aliyeshiba, na mlango wa mbele ukawa haufunguki bila kupigwa bega. Tukasema, kabla hatujatawanyika, tumwachie mama huyu nyumba isiyomwangukia. Fundi wa kwanza alitazama kutoka getini, akasema bomoa yote. Wa pili aliahidi kumaliza upesi mno hata Shangazi akaingiwa na shaka: "Haraka yote hiyo, anamkimbia nani?" Ndipo jirani akatuuliza kwa nini tunahangaika na wa mbali wakati fundi tunaye hapo nyuma ya mashine ya mbao.

Ulipokuja hukutoa futi kamba. Ulipanda darini, ukashuka na utando wa buibui kichwani, ukasema, "Nyumba hii haijafa, imechoka tu." Kisha ukaanza kutuuliza kila mtu hupenda kukaa wapi. Kaka akanong'ona, "Huyu ni fundi au karani wa sensa?" Lakini Shangazi alikujibu. Alikuonyesha pahali pa cherehani yake, akasema miaka yote anashona akitazamana na ukuta. Ukaugonga ukuta ule kwa kidole, ukatega sikio, ukasema, "Taratibu. Tukiweka boriti ya kubeba mzigo juu, hapa patatoka dirisha."

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwuliza Shangazi anatazama nini akishona. Hata sisi.

MAFANIKIO

Kenchi zimenyooka. Ile mvua kubwa ilinyesha usiku kucha nasi tukalala, na mabeseni yamerudi kwenye kazi yake ya kufulia. Mlango unafunguka kwa kidole. Dirisha lipo, limeshuka hadi usawa wa jicho la mtu aliyeketi, na Shangazi sasa anashona akiona njia. Anawajua wapita njia wote, na habari zao pia. Majirani, mtuwie radhi.

Yapo mafanikio mengine ambayo hayakuwa kwenye makubaliano. Shangazi anacheka. Siku moja mlikuwa mkibishania kipimo, wewe na futi yako ya chuma, yeye na ya kitambaa, kila mmoja akidai ya mwenzake inadanganya. Kikatoka kicheko. Dada alitoka mbio chumbani akidhani tumepata mgeni. Sauti ile tulikuwa tumeisahau, mgeni rasmi, na kuisikia tena kulitufurahisha kuliko paa.

Halafu ovaroli yako. Ilifika hapa imepasuka magoti yote mawili. Leo ina viraka vya mshono ambao wateja hupanga foleni kuungoja. Sisi hatukuuliza.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, nayo ni msumari.

Wanaokufahamu wanaijua desturi uliyoachiwa na mwalimu wako wa useremala. Msumari wa mwisho wewe hupigi. Unausimamisha juu ya fremu ya mlango wa mbele, nusu ndani nusu nje, na mwenye nyumba ndiye anayeumalizia. Ukishazama, unafunga sanduku lako la vifaa, unaaga, na hurudi tena mpaka uitwe.

Msumari wetu mpaka leo umechomoza. Siku uliyousimamisha, Shangazi alisema kichwa kinamwuma. Kesho yake jua lilikuwa kali. Mara ana gauni la bibi harusi, mara mkono umekufa ganzi. Halafu nyundo ikapotea! Tuliitafuta uvunguni, tukaitafuta bandani kwa kuku, tukaanza kuwatazama majirani kwa jicho baya. Dada akaja kuikuta chini ya kapu la vitambaa, imeviringishwa vizuri kwenye kipande cha satini. Jamani, mwizi gani anaiba nyundo halafu anaivisha?

Na wewe hukutusaidia hata kidogo. Kila asubuhi unapita "kuangalia kama mbao zimetulia." Unaigusa fremu, unakunywa chai, unasema taratibu, unaondoka. Mbao zimetulia, mgeni rasmi. Wasiotulia ni watu wawili.

Tungewaacha mwendelee hivyo hivyo, maana kuwatazama ni burudani tosha. Lakini Kaka amepata kazi mbali, Dada ameolewa, na mimi mwisho wa mwezi huu naondoka kwenda chuo. Nyumba imepona, na itabaki na mtu mmoja na cherehani. Tulipomgusia Shangazi habari ya kubaki peke yake, alituwakia: "Sitaki mlinzi, mimi si duka!" Jioni ile ile alipakua chakula, akatoa sahani moja ya ziada, akaishika kidogo, akairudisha kabatini. Alidhani hatumwoni. Tunampenda mno, hatuwezi kuondoka na ile sahani machoni.

MAOMBI

Kwanza, ukipita tena asubuhi, usije kuangalia mbao. Njoo na wakubwa wako. Baba Mdogo yule pale, amevaa viatu vya heshima vinavyombana, na tangu asubuhi anasafisha koo. Ameahidi hatakuwa mgumu.

Usidhani tumemzunguka Shangazi. Tungethubutu vipi, na mkasi wake tunaujua? Jana tulimwuliza waziwazi moyo wake uko wapi, na kama anaturuhusu kuyasema haya mbele ya watu. Alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, ndipo akajibu: "Nimeficha nyundo ya watu. Anataka nifanye nini tena?"

Basi ombi la pili ni hili. Nyundo hii hapa, Dada anamkabidhi Shangazi. Desturi yako inasema msumari wa mwisho ni wa mwenye nyumba, nasi hatuivunji. Ila msumari wenyewe umelegea kwa kungoja. Unahitaji mtu wa kuushika wakati mwenzake anapiga. Usihofie kidole chako. Mama huyu hajawahi kukosa tundu la sindano.

Kama jibu ni hapana, mwache apige peke yake, nawe ufunge sanduku lako. Tutakusindikiza mpaka getini kwa heshima na shukrani, na chuki hatutakuwa nayo. Kama ni ndiyo, inuka, Fundi, ukamshikie msumari.

Mungu aibariki mikono iliyotuinulia paa, na ile iliyotulea chini yake.

Tumemaliza, mgeni rasmi. Shangazi ameshasimama mlangoni na nyundo. Leo tafadhali, usiende taratibu.

Ni sisi, wenu nyote wawili,
Watoto wa Nyumba ya Mshonaji