Ukungu Juu ya Hariri

Hasira zikipanda, chai haishuki. Mchana ule wa maonyesho ya kijiji, kwenye benchi la kona ya daraja, pale Mto Wharfe unapopita chini ya vilima vya Yorkshire, Uingereza, wazee wanne walikuwa wamekaa na vikombe vimepoa mikononi, wanafoka. Hema lilikuwa ng'ambo ya barabara, na ndani yake kulikuwa na vitunguu vya kutisha kwa ukubwa, keki, jamu, na meza ya nzi. Si nzi wa chooni, la hasha. Nzi wa kuvulia: unachukua ndoana ndogo, unaizungushia uzi wa hariri, juu ya uzi unavika manyoya ya fuko, shingoni unafunga unyoya laini wa kuku wa majini, na samaki wa mtoni aitwaye trauti akimwona anazama majini hudhani ni mdudu, akaingia mkenge. Mzee Abel Ibbotson, ambaye kijiwe kizima kilimwita Sindano kwa ule uhodari wa vidole vyake, alikuwa amempeleka nzi wake mezani kama kila mwaka. Safari hii mwamuzi alimtoa mashindanoni, akamwekea kadi: NJE YA MASHARTI. HANA MANYOYA.

— Hana manyoya! Sindano alipiga goti lake. Mimi nimvike nzi nisahau manyoya? Nenda kokote bonde hili, mvue kofia mvuvi yeyote, utamkuta nzi wangu amechomekwa hapo. Leo naambiwa nimemleta uchi!

— Ni matusi, alisema Fuko. Matusi ya nguoni.

Fuko jina lake la ubatizo lilikuwa Seth, lakini kazi ya kutega mafuko mashambani ilikwisha kulila. Manyoya yote aliyovika Sindano, miaka na miaka, yalitoka kwenye mitego yake, kwa hiyo naye alijiona ametukanwa nusu.

— Na huyo mwamuzi katoka wapi?

— Lancashire, alijibu Breki.

— Aaah!

Wote walitikisa vichwa, maana Lancashire ni jimbo la ng'ambo ya vilima, mahasimu wa Yorkshire tangu enzi, na hilo peke yake lilikuwa ushahidi tosha. Breki alikuwa dereva wa basi la bonde hadi basi lenyewe lilipofutwa, na bado alizungumza kwa sauti ya kushindana na injini.

— Kule kwao nzi anavikwa kama anakwenda kulala nje Januari! alinguruma. Manyoya mpaka macho hayaonekani! Ukimtupa mtoni anaelea kama kofia! Trauti anacheka, anakwenda zake!

— Sisi je? Sindano alidakia. Sisi tumefundishwaje hapa?

— Ukungu, si koti! wakajibu pamoja.

Hiyo ndiyo sheria ya bonde. Unapaka uzi nta, unachukua manyoya kidogo mno, unayagusisha tu kwenye uzi, wala huyabani kama unasokota kamba. Yakikaa sawa, rangi ya manjano ya hariri inaonekana chini ya kijivu cha fuko, kama asubuhi yenye ukungu. Ukivika zaidi ya hapo watu wanakuuliza kama umeoa Lancashire.

— Mkono mtupu haulambwi, alisema Kengele.

Wakamgeukia. Kengele alipiga kengele za kanisa na alijua methali zote, ila hakuna hata moja iliyojua kwake ni wapi.

— Sasa hiyo inaingiaje, bwana?

— Inaingia vizuri tu. Maana yake, vika kidogo.

— Maana yake kinyume, wewe! Funga mdomo unywe chai.

Sindano alikuwa ameshika kiberiti kilichotandikwa pamba, na ndani ya pamba ndimo alimolala huyo nzi aliyedhalilishwa. Alikuwa amekwenda kumchukua hemani kwa hasira, hakutaka hata kumjibu karani. Tangu alipokaa, kiberiti kile kilikuwa mkononi mwake, na ajabu ni kwamba hakuna rafiki yake aliyeomba kukifungua.

— Tatizo la hawa waamuzi wa siku hizi, alisema Fuko, hawajui kwamba manyoya ya fuko hayana upande. Mnyama mwingine ukimpapasa, kuna kwenda na kuna kurudi. Fuko humpapasi ukajua kichwa kiko wapi. Kwa hiyo yakishika uzini, yanapotea. Fuko wa baridi kali ndiyo kabisa. Manyoya yake yakikaa kwenye uzi hata mimi niliyemchuna siyaoni.

— Siyo baridi tu, alisema Breki. Ni nta! Babu yangu alitumia nta ya washona viatu, anaipasha moto kwenye kwapa. Anapaka uzi, kisha anayaleta manyoya karibu. Hayagusishi! Anayaleta karibu tu! Yanaruka yenyewe!

— Yanaruka?

— Yanaruka!

— Hilo si kitu, alisema Kengele. Mjomba wangu alikuwa anamlaza fuko mzima dirishani, mwenyewe anavika nzi mezani, huku. Fuko kule, uzi huku. Jioni nzi amekwisha kuvikwa. Mficha uchi hazai.

— Na hiyo je?

— Hiyo nimeipenda tu.

— Mjomba wako alikuwa na fuko, Fuko alisema kwa dharau. Marehemu baba yangu hakuwa na haja ya fuko. Alikuwa anaishika hariri, anaiambia habari za fuko. Basi. Hariri inasikia, inajivika.

Breki alicheka mpaka chai ikamwagika. Hata Sindano alitabasamu, kisha tabasamu likafifia. Kuna kitu hakikumkaa sawa. Kila mmoja alikuwa anamtetea, na kila utetezi ulikuwa unapunguza manyoya. Hakuna aliyesema, jamani, manyoya yapo, si hayo hapo. Alikipapasa kile kiberiti kwa kidole gumba.

— Lakini mliyaona, alisema.

— Nini?

— Manyoya. Jana si nyote mlimshika huyu nzi?

— Kazi safi kabisa, Sindano, alisema Fuko upesi.

— Kazi ya bwana mkubwa! alinguruma Breki.

— Kimya kina mshindo, alisema Kengele, na safari hiyo hakuna aliyembishia.

Sindano alivuta pumzi. Alitaka hasira yake irudi, maana ndani ya hasira kulikuwa na joto. Kama mwamuzi ni mjinga, basi yeye bado ni Sindano, na majira ya kuchipua yakifika wavuvi watakuja kugonga mlango wake kama kawaida. Na kama mwamuzi si mjinga? Basi hana kazi tena duniani ila kukaa nyumbani kuutazama ukuta, na huo ukuta wenyewe siku hizi ulikuwa haueleweki.

— Nitamwandikia mwenyekiti, alisema kwa nguvu. Huyo mtu asikanyage tena daraja hili!

— Asikanyage!

— Aende akahukumu sufu huko kwao!

Ndipo akavuka barabara Bi. Oakes, mama aliyefungua duka la mikate masika yale. Alikuwa mgeni, na kijijini hapo mtu ni mgeni mpaka babu yake awe makaburini. Alikuwa amebeba sinia lililobaki makombo, akaliweka juu ya ukuta wa daraja akapumzika.

— Habari za hapa, wazee. Mbona mnanguruma hivyo? Mnasikika mpaka kwenye keki.

Wakamweleza wote kwa pamoja: mwamuzi, kadi, Lancashire, ukungu, koti, fuko wa dirishani. Mama wa watu alisikiliza akikunja uso kwa bidii.

— Naomba nimwone, alisema.

— Aa, mama, mambo haya ya kiufundi, Fuko akaingilia. Mtu asiyezoea haoni kitu. Ni membamba mno.

— Mwache amwone, alisema Sindano, akamkabidhi kiberiti.

Bi. Oakes alimtoa nzi kwenye pamba, akamwinua kwenye mwanga. Alimgeuza huku, akamgeuza kule. Breki alianza kuufunga mkoba wake ingawa haukuwa wazi.

— Naona uzi wa manjano, alisema mama. Mzuri sana, umezungushwa sawasawa. Naona na unyoya shingoni. Hayo manyoya mengine sijayaona.

— Si nilisema! Fuko alidakia.

— Yapo, mama, alisema Sindano, na sauti ilikuwa imempanda. Nimevika mimi mwenyewe, dirishani, mchana kweupe. Kidole hakiyasikii manyoya ya fuko, ni laini mno, kwa hiyo mtu unategemea jicho. Na jicho langu liliuona ukungu juu ya hariri. Niliuona! Mweupe, mwembamba, umekaa vizuri kuliko miaka yote!

Bi. Oakes alimrudisha nzi kwenye pamba taratibu. Alisogea, akainama mbele ya benchi, uso wake mbele ya uso wa mzee.

— Na usoni kwangu, baba, aliuliza, hapo huuoni huo ukungu?

Loh! Sindano alimtazama. Palikuwa na uso, ndiyo, na palikuwa na kitambaa cha kichwa, na juu ya vyote hivyo ule ule weupe mwembamba, umekaa vizuri. Aligeuka kwa Fuko, akaukuta. Akageuka kwa Breki, akaukuta. Aliutazama mto wake, na huko nako ulikuwapo.

— Mama yangu alianza hivyo hivyo, alisema Bi. Oakes. Mtoto wa jicho. Mjini madaktari wanautoa, na watu wanaona tena.

Sindano alimsikia kwa sikio moja. Alikuwa amewageukia wenzake.

— Jana mlimshika, alisema. Mkampokezana nyote. Mkaona yuko mtupu?

Fuko aliyatazama maji. Kengele alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakupata methali.

— Breki?

— Tuliona, Breki alisema, na sauti ya basi ilikuwa imezimika kabisa. Mimi nilidhani nimeona peke yangu.

— Na mimi, alisema Kengele.

— Tulisema tusikuvunje moyo, ndugu yangu, alisema Fuko. Umri wako huu. Tulidhani mwamuzi naye atapitisha tu.

— Mkaniacha nimpeleke! Sindano alisimama. Mkaniacha nikasimame mbele ya kijiji kizima na ndoana tupu! Halafu mnakaa hapa kumtukana mtu wa watu! Yule wa Lancashire amemtazama nzi wangu kama anavyotazama nzi wa mtu yeyote, akasema alichokiona. Nyinyi mmenitazama kama maiti! Fuko, miaka yote hii nimevika manyoya yako, hukuwa na ulimi wa kuniambia hayajashika?

Bi. Oakes alikuwa amekwisha kulichukua tena sinia lake aondoke. Sindano akapapasa hewani mpaka akaupata ukingo wa sinia, na nyuma ya sinia mkono wa Bi. Oakes.

— Mama, mchana duka ukishalifunga una kazi gani?

— Sina kazi kubwa, baba.

— Basi njoo kwangu. Mpaka hao wa mjini waniite, mimi nitavika, wewe utakaa karibu uniambie yameshika au hayajashika. Hawa siwataki mlangoni kwangu.