Mguu Ambao Mama Polepole Alikataa Kuukanda

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutufariji, familia imenituma mimi, mkwe wake wa kwanza, niwasomee safari ya mama yetu, ambaye wengi hapa mnamfahamu kwa jina la Mama Polepole, na wengine mnavifahamu vidole vyake kuliko sura yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi jirani na kwao kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, ambako alikuwa golikipa wa timu ya mpira wa mikono, nafasi ambayo mwenyewe alisema ilimfundisha mapema habari za vidole kuteguka.

Mwaka 1969 aliajiriwa kuwa mhudumu katika chumba cha tiba ya viungo cha hospitali ya wilaya, chumba chenye vitanda vitatu na dirisha lisilofungika, akapelekwa mafunzoni, akarudi na cheti Juni 1973, akatumika hapo hadi alipostaafu mwaka 2006, kisha akaweka kitanda chake cha kukandia sebuleni kwake, viti vya wageni vikahamia barazani. Jina la Mama Polepole alilipata kutokana na kazi yake, maana hakuanzia kamwe pale panapouma, mwenye bega alishangaa kushikwa mbavu, mwenye goti akakandwa paja kwanza, na aliyeteguka kifundo asubuhi hiyo akaja kuomba maji ya moto, alipewa kitambaa cha maji baridi, mto wa kuinulia mguu, na ahadi ya kukandwa wiki ijayo, anune asinune.

Ni kazi hiyo iliyomletea mume, fundi seremala aliyefika mwaka 1974 akiwa amepinda mgongo kwa kubeba mbao, akatibiwa, akaendelea kuja kila Jumanne, mpaka mama akamwambia kwamba mgongo umepona tangu mwezi uliopita, sasa aseme shida yake ya kweli, naye akajikaza akaisema. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na baadaye wajukuu, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kiti kwa kujipinda mbele ya bibi yake akasalimika.

Hatuwezi kuiruka Agosti 2009, pale baba alipoamka kigimbi cha mguu wa kushoto kimevimba, kina joto na kinauma, akajilaza mwenyewe kitandani pale sebuleni kusubiri mafuta, na mama, baada ya kuutazama mguu ule na kuugusa kwa mgongo wa kiganja, akaifungia chupa ya mafuta kabatini, akakataa. Baba alikasirika kweli kweli, akawalalamikia majirani kwamba miguu ya mtaa mzima inakandwa isipokuwa wake, akamtuma shemeji yake akamlete mkandaji mwingine, na mama akasimama mlangoni, akasema mkandaji huyo athubutu kuvuka kizingiti aone, kisha akaita gari. Hospitalini walikuta damu imeganda ndani ya mshipa, na daktari akaeleza kwamba kuukanda mguu ule kungeweza kulisukuma bonge hilo hadi kwenye mapafu. Baba ndiye huyo aliyekaa hapo mbele, mwenye koti la kahawia, nasi kwa miaka yote hii tumemshukuru Mungu, na ukaidi wa mama.

Mwaka 2021 vidole vya mama vilianza kuvimba na kukakamaa, akaacha kazi, na kila jioni baba alimkanda kwa viganja vyake vya useremala, huku mama akimkosoa bila kuchoka, shuka kidogo, usiparue, hiyo si mbao. Jioni ya tarehe 2 Oktoba 2024, baada ya moyo wake kudhoofika kwa miezi kadhaa, mama alimwachia baba mikono yote miwili, hakumkosoa hata mara moja, na baba akatoka chumbani akatutangazia kwa fahari kwamba hatimaye amefuzu. Alfajiri mama akafariki usingizini. Baba bado anashikilia kwamba alifuzu, nasi hatubishi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa chumba kile cha vitanda vitatu, nanyi majirani, ambao tangu juzi hamjatuacha peke yetu.

Mama, mikono yako imefanya kazi ya kutosha, iweke chini sasa, polepole, upumzike kwa amani.