Papa Buhendwa na Gari Iliyopiga Filimbi

Tarehe 30 Juni 2016 Papa Buhendwa anaweka spana chini, baada ya miaka ishirini na miwili katika garaji yetu ya Katindo, hapa Goma. Alianza 1994, wakimbizi wamejaza mji, na gari za misaada zililetwa kwetu zikikohoa kuliko wagonjwa waliopakiwa ndani.

Wengi wanamjua kwa tuyo ya hewa, lile bomba linalopeleka hewa kwenye injini. Gari ya turbo ikivuta hewa ya moto iliyofungiwa juu ya injini, inachoka mlimani. Yeye alipitisha tuyo nje ya joto, ivute hewa ya baridi. Ya kwanza aliielekeza chini, karibu na gurudumu. Vumbi la volkano likaziba filtre, chujio la hewa, kabla ya Jumapili. "Goma baridi iko juu, chini ni volkano," alisema akicheka, akaipandisha. Gari kumi na tisa alizifanyia hivyo. Vita vilichukua kumi na tano. Hakuna aliyekuja kutupa hata pole.

Sheria yake ilikuwa moja: fundi anapanda na kazi yake. Kila gari aliyoimaliza aliipanda mpaka Mugunga na kurudi, mzaliwa wake wa kwanza, Lévi, shofere wetu, akiwa kwenye usukani. Tuyo ile iliifanya turbo ipige filimbi. Mama Nasiba, muuza maharage wa langoni, akiisikia tu alipakua sahani mbili kabla gari haijakata kona. "Filimbi mbele, njaa nyuma!" aliwatania.

Oktoba 2008 Lévi alikwenda mji wa Kiwanja na Land Cruiser nyeupe, kuchukua familia zilizokuwa zinakimbia. Watu wenye bunduki waliondoka na gari, naye ndani. Tuliuliza kila ofisi. Kila ofisi ilitutuma kwa nyingine. Papa Buhendwa alipofikia umri wa kupumzika, alikataa. Alisema akikaa nyumbani hataisikia filimbi ya ile gari ikipita.

Februari hii filimbi ilisikika. Alikimbia langoni, grisi mikononi. Gari ilikuwa imepakwa kijani, lakini ilikuwa Land Cruiser ile ile, na tuyo ilikuwa kazi ya mkono wake. Kwenye usukani alikaa mtu mgeni. Papa alimuuliza Lévi yuko wapi.

"Muzee, mimi niliuziwa hivi. Huyo Lévi simujue."

Alitoa hati zenye mihuri yote. Sisi tulikuwa na macho tu. Papa Buhendwa alisafisha filtre, akakaza vibano vya tuyo kimoja kimoja, akafunga boneti polepole. Safari hiyo hakupanda. Jioni ile ile aliomba kustaafu.

Mama Nasiba alikuwa ameshapakua sahani mbili. Papa alikula ya kwake. Ile ya pili hakuna aliyethubutu kuigusa mpaka tulipofunga garaji.

Papa Buhendwa, aksanti kwa kila mlima ambao gari zetu zilipanda. Pumzika vema, wewe na mke wako, Mama Perpétue, miaka yenu iwe mingi na ya amani. Lango tuachie sisi. Siku Lévi atakapokata ile kona, hata kwa miguu, tutakuita mbio, na maharage yatakuwa ya moto.