Hiram Wepukhulu na Mlingoti wa Saboti

Marehemu Hiram Wepukhulu Wabwile alizaliwa tarehe 3 Mei 1984 hapa Naitiri, mtoto wa tatu wa mzee Eliakim Wabwile na mama Agneta.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia 1991 hadi 1998, kisha sekondari huko Bungoma, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002. Akiwa darasa la saba, kamba ya bendera ya shule ilinasa juu ya mlingoti. Hiram alipanda akainasua kabla ya kutumwa na mtu. Mwalimu wa zamu alimchapa viboko viwili kwa kupanda bila ruhusa, halafu akamshukuru mbele ya gwaride.

Tarehe 12 Desemba 2009 alifunga ndoa na Phelista. Walibarikiwa na watoto wawili, Nangila na Ian. Siku za mapumziko alipenda kusonga ugali mwenyewe, akisema ule wa Phelista ni uji uliochelewa.

Alifanya uashi kwa miaka kadhaa, kisha akaajiriwa kuwa mzimamoto mjini Kitale tarehe 1 Machi 2010.

Alhamisi tarehe 9 Septemba 2021, saa nane na nusu mchana, yeye na wenzake wa zamu waliitwa Saboti. Kijana Kipruto, aliyekuwa akipaka rangi mlingoti wa simu, alikuwa amekwama mita arobaini juu. Mkanda wake wa usalama ulikuwa umekatika na bega limetoka. Alikuwa amejishikilia kwa mkono mmoja. Ngazi ya gari haikufika hata nusu. Siku hiyo wenzao wengine walikuwa wamekwenda na mikanda mingine eneo la Kwanza kuzima moto wa ghala, kwa hiyo Saboti palikuwa na mkanda mmoja tu. Hiram aliuvaa, akapanda na kamba.

Maneno ya huko juu tumeyapata kwa Kipruto mwenyewe.

"Mzee, rudi. Nitakuangusha."

"Mzee ni babako. Mimi hata mvi sina. Lete mguu."

"Na wewe utavaa nini?"

"Wacha maswali, bana. Lete mguu mwingine."

Alimvika mkanda ule, akamteremsha polepole kwa kamba. Kipruto alifika chini saa kumi na dakika hamsini. Mvua ilikuwa imeanza na radi zinapiga upande wa Mlima Elgon. Bethwel, mzimamoto mwenzake Hiram, alimpigia kelele kutoka chini angoje mkanda upandishwe kwa kamba.

"Nikingoja nitachomwa huku," Hiram alijibu. "Nakuja hivyo hivyo."

Vyuma vilikuwa vimelowa. Aliteleza akiwa mita tisa kutoka chini, akaangukia mgongo.

Alilazwa miezi mitano. Daktari alimwambia wazi kwamba hatatembea tena. Hiram hakukubali. Bethwel alimjengea fito mbili za saiprasi uani, na kila asubuhi Phelista alimwinua ajishikilie fito hizo, ajaribu kusimama. Wahubiri watatu, kwa nyakati tofauti, walimwambia atasimama kabla ya mwaka kuisha. Muda mrefu zaidi aliowahi kusimama, akiwa ameshikwa kiunoni, ulikuwa sekunde kumi na moja, tarehe 20 Juni 2023. Haukupita hapo.

Kipruto, ambaye bega lake halikupona na ambaye hajapata kazi nyingine, alikuja kila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ametuomba tuandike mazungumzo haya.

"Ungeniacha tu," alimwambia siku moja.

"Hata mimi siku zingine nafikiria hivyo," Hiram alijibu. "Lakini kunywa chai, inapoa."

Mwezi wa Machi 2024 alimwambia mkewe, "Mama Nangila, toa hizo fito. Nimechoka kuziangalia." Phelista alizitoa mchana huo huo. Hiram hakujaribu tena kusimama.

Vidonda vya mgongo vilizidi, kisha figo zikalegea. Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa saba mchana, nyumbani, mkono wake ukiwa katika mkono wa Phelista. Tuliomba apone, hakupona. Tumeandika hivyo kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kudanganywa.

Amewaacha wazazi wake, mzee Eliakim na mama Agneta, mjane wake Phelista, watoto wake Nangila, kidato cha pili, na Ian, darasa la sita, ndugu wanne, na Kipruto, ambaye familia imemweka kwenye orodha hii kwa kauli moja.

Kwa ombi lake, anazikwa amevaa buti za kazi. Alipewa Agosti 2021, wiki tatu kabla ya Saboti. Nangila alizipaka rangi jana, akatuonyesha soli. Bado ni mpya.

Mungu ampe Hiram pumziko ambalo hakulipata kwetu.