Melkizedek Urio na Kikopo Kilichorudi Kutoka Mang'ola

Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 2007, Ndugu Melkizedek Urio anakabidhi funguo za stoo ya Kambi ya Ukungu baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi. Kamati imeniomba mimi, Fabian wa karakana, mjomba wenu nyote hata msionitaka, niandike wasifu wake. Katibu alisema mwingine yeyote angeandika ukweli mtupu na programu ingeishia nusu ukurasa.

Najua mnachosubiri. Baada ya supu na kabla ya mbuzi, Melki atafungua kikopo chake cha kuagia mbele yetu sote, na hakuna mtu aliye hai, yeye mwenyewe akiwemo, anayejua kitatoka na harufu gani. Kwa wageni waalikwa ambao hawajui habari hii, naanza mwanzo. Mkiona nimezidisha mahali, punguzeni wenyewe.

Melki alipanda huku juu mwaka 1983 akitokea Machame, na koti moja na sauti ya besi ambayo kwaya ya usharika wetu Karatu mpaka leo haijapata ya kufanana nayo. Alianza kwa kubeba mizigo ya wageni. Akahamia kuosha vyombo, akapanda kaunta ya baa, na mwaka 1990 akapewa stoo. Katika miaka yote hiyo halijapotea begi la mgeni hata moja mikononi mwake. Lililopotea ni moja tu, na hilo lilichukuliwa na fisi, na fisi huyo alilirudisha kesho yake baada ya kuona lina vitabu tupu.

Ukungu wa hapa ukingoni mwa kreta mnaujua. Siku moja mwaka 1991 ulikuwa mzito hivi kwamba Melki, akiwa katikati ya kuvuta, aliitwa mapokezi, akakitundika kisiga chake hewani kwenye ukungu, akaenda kumpokea mgeni, akarudi akakikuta pale pale kinafuka. Mimi nilikuwepo. Nilitundika kofia yangu jirani yake.

Sasa, kisiga. Neno hili ni la kambi yetu. Ni zile siga ndogo za kahawia, fupi kama kidole cha mwisho, zilizoviringishwa kwa jani la tumbaku lenyewe badala ya karatasi, zinazokuja zimelala safu kwenye kikopo bapa kama cha dawa ya viatu. Wageni walikuwa wakiviacha vyumbani kama asante, baadaye tukajua duka la Arusha linaloviuza. Siga kubwa ya mzungu ni starehe ya mtu asiye na kazi: inataka kiti, inataka jioni nzima, na bei yake ni ya kreti ya bia. Kisiga ni cha mtu wa kazi. Wageni wakishuka kwenye gari kupiga picha kreta kutoka juu, dereva anawasha chake, na wao wakirudi na baridi yao, yeye ameshamaliza na anaonekana mtu mwenye amani. Mpishi anakivuta wakati maji ya wali yanatafuta kuchemka. Mimi nakivuta tairi likijazwa upepo, na nimejaza matairi mengi ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Melki ndiye aliyegundua kwamba visiga vinazeeka vizuri. Mwaka 1993 alivaa koti alilokuwa amelisahau nyuma ya mlango wa stoo tangu sijui lini, akakuta mfukoni kikopo hakijafunguliwa. Akawasha kimoja kwa kuogopa hasara tu. Ukali wote ulikuwa umekwenda zake. Moshi ulikuwa mtamu kama ganda la mkate uliopakwa asali, laini hauchomi koo, na ulipotoka nje ya dirisha nyati aliyekuwa akila majani alisimama, akafumba macho. Alisimama hivyo mpaka kisiga kikaisha, akapiga chafya, akaondoka kwa adabu.

Toka siku hiyo tukawa na desturi. Kila mfanyakazi mpya, akipata bakshishi yake ya kwanza, ananunua kikopo kimoja na kumkabidhi Melki. Melki anabandika plasta yenye jina na mwaka, anakiweka kwenye sanduku lake, na hakuna kukigusa. Siku mtu anaondoka kambini, kwa kustaafu au kwa kwenda kuoa mbali, anafungua kikopo chake mbele ya wenzake. Cha kwanza anavuta yeye, vinavyobaki tunagawana. Wazee wa kazi tuliokuwepo kabla ya desturi tukaweka vya kwetu mwaka ule ule. Kikopo cha Melki kilikuwa cha kwanza kabisa, ila mkewe, Dada Judith, hakumwamini kukilinda dhidi yake mwenyewe, akakichukua nyumbani kwao Karatu mjini na kukifungia kabatini pamoja na vikombe vya harusi. Mkumbuke kabati hilo, maana ndilo lililoleta mambo yote.

Mwishoni mwa 1997 ikaja mvua ya El Nino. Ilinyesha hadi vyura wakawa wanaomba lifti. Bati la stoo likavuja, ukungu wa kijani ukaanza kuota kwenye mifuko ya unga, na Melki akaacha kulala kwa ajili ya sanduku. Mle ndani mlikuwa na kuagana kwa watu. Mama Angela wa Daa, mkuu wa dobi, alikuwa astaafu Desemba ya mwaka uliofuata, na kikopo chake kilikuwemo, kimefungwa uzi mwekundu wa kudarizi ili kisichanganywe. Melki akapiga hesabu: wapi katika wilaya hii yote ni pakavu? Mang'ola. Na wapi Mang'ola pana upepo unaopita usiku na mchana? Kwenye ghala la mfanyabiashara Piusi, lenye kuta za fito zilizoachana, lililojengwa makusudi ili kitu kikae miezi na miezi bila kuoza. Ilikuwa hesabu nzuri. Mwalimu yeyote angempa vema. Alisahau tu kuuliza ghala lile linatunza nini.

Mimi ndiye niliyelipeleka sanduku. Barabara ya siku zile msiiongelee, ninyi mliozaliwa na lami. Nilivuka mito ambayo haina majina kwa sababu haikuwepo juzi yake. Maji yalifika kwenye kioo cha mbele, na nilipofungua boneti Mang'ola nilitoa kambale wawili, mmoja mzee. Piusi akalipokea sanduku kwa heshima zote, akaliweka katikati kabisa ya ghala, mahali pa usalama, vitunguu vikilizunguka mpaka juu kama mgonjwa aliyefunikwa blanketi.

Mvua ilipokwisha nikalirudisha. Likiwa limekauka safi, plasta zote zikisomeka. Melki alilikumbatia. Hakuna aliyenusa kitu, maana vikopo vilikuwa vimefungwa, na mimi mwenyewe baada ya siku nzima na Piusi nilikuwa nanuka kuliko sanduku.

Tulijua mwezi Julai, siku Inosenti, mpishi wetu, alipokuwa akiaga kurudi kwao. Tulikusanyika jikoni kwa shangwe, akafungua kikopo chake, akawasha, akavuta. Akasimama. Akavuta tena, polepole, kwa uso ule wa mpishi anayeonja sufuria ya mwenzake.

"Kaka Melki," akasema, "hiki bado chumvi tu."

Tulicheka hadi sufuria zikaanguka. Tukavuta wote, na kweli, ilikuwa supu. Inosenti akatuambia hadi aina: kitunguu chekundu, cha chini ya mto, kilichovunwa mapema. Mtu pekee ambaye hakucheka alikuwa Melki. Alitoka nje akaenda kusimama kwenye ukungu, na jamani, mtu mrefu kama yule akisimama kwenye ukungu na bado unaona kuwa ana huzuni, ujue huzuni ni kubwa. Sanduku zima lilikuwa limekula kitunguu, na kumuaga Mama Angela ilibaki miezi mitano.

Ndipo tukamwona Melki wa kweli. Alisikia kuna mzee kule Qurus anabomoa nyumba ya zamani yenye mlango wa mtarakwa, ule mti wa milimani wenye harufu nzuri, umekauka vizuri tangu enzi za babu zake. Aliubeba mlango ule mgongoni hadi njia kuu, na ng'ombe wakamfuata wakidhani ni zizi linahama. Akatengeneza sanduku jipya. Akafungua vikopo vyote, akavitandaza visiga kivulini kwenye magazeti kila siku ukungu ukipisha, akavirudisha jioni, akaweka vipande vya mtarakwa kati yao. Mwezi wa Novemba akawa ananusa kimoja kimoja kama mama anayepima homa. Vya wengine vilikuwa vinapona. Cha Mama Angela kilikuwa kimelala ubavuni kabisa mwa sanduku, upande uliobanwa na vitunguu, na hapo ndipo pabaya zaidi. Kilikuwa bado kachumbari.

Mama Angela hakuwa mtu wa kupewa kachumbari. Alifua mashuka ya kambi hii kwa maji ya baridi tangu mahema ya kwanza, mikono ikapasuka, na kwao Daa alikuwa mvutaji wa kiko anayejulikana. Alikisubiri kikopo kile. Akipita stoo na nguo zake alikuwa anauliza, mtoto wangu hajambo?

Siku ya kumuaga ikafika. Melki akamletea kikopo chenye uzi mwekundu. Mama Angela akakipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akakitazama sana.

"Uzi ni wangu, Melki," akasema, "lakini fundo si langu."

"Mama, vuta," Melki akamjibu. "Changu kitangoja."

Hapo ndipo tulipoelewa. Alikuwa amekwenda nyumbani, akamwomba Dada Judith ufunguo wa kabati, na kutoa kikopo chake mwenyewe, kile cha kwanza kabisa, ambacho hakijawahi kuiona Mang'ola hata kwa mbali. Judith aliniambia kwamba hakumbishia, alichukua vikombe vya harusi akavifuta vumbi tu, maana alihitaji kitu cha kufanya na mikono.

Mama Angela alivuta. Harufu ile siwezi kuiandika, nina darasa la saba tu. Nitasema kwamba wasiovuta walisogeza viti karibu. Nitasema kwamba wageni waliacha keki yao chumba cha chakula wakaja kuchungulia dirishani. Na Mama Angela, ambaye sikuwahi kumwona ameketi katika miaka yote ile, aliketi akavuta hadi mwisho, na hakuna aliyethubutu kumtaka agawe vilivyobaki. Alikwenda navyo Daa.

Kwa hiyo kilichobaki kwa Melki ni kile chenye plasta ya Angela. Amekitunza tangu wakati huo ndani ya mtarakwa. Katika miaka hii karibu tisa amefanya makubwa ambayo kamati imeniagiza niyataje: aliivusha stoo katika ile miaka wageni walipopungua mpaka nyani wakawa wanatuonea huruma, akapanga zamu ili asipunguzwe mfanyakazi hata mmoja, aliwafundisha watunza stoo wote wa kambi jirani, akaweka paa jipya lisilovuja. Asanteni kwa kuniruhusu niyataje kwa mkupuo, maana ninyi hamkuja kwa ajili ya paa.

Wengi wetu tumemwomba abadilishe. Mimi nilimpa changu, kizuri, nimekipima mwenyewe. Akakataa. Alisema aliyelituma sanduku kwenye vitunguu ni yeye, basi kuaga kwake kutakuwa na harufu hiyo hiyo, na kama muda umeponya, atajua pamoja na sisi. Hajakifungua tangu Desemba ile. Amekinusa kwa nje tu, na ukimuuliza anacheka ile besi yake mpaka vikombe vinaitika.

Piusi ametuma gunia la vitunguu kwa ajili ya sherehe, na salamu kwamba hana la zaidi. Na Mama Angela yuko njiani kutoka Daa. Ametuma ujumbe kwamba kiti chake kiwekwe kando ya kiti cha Melki, kwa kuwa kikopo hicho alikinunua yeye kwa bakshishi yake mwenyewe, na kisiga cha pili ni chake, kiwe asali au kiwe kachumbari.

Basi Melki, kaka yetu, asante kwa funguo, kwa besi, kwa mlango ule mgongoni, na kwa kutuzeesha sisi pamoja na visiga vyetu. Washa bila wasiwasi. Kikitoka kitamu, tutasogeza viti. Kikitoka kitunguu, mbuzi yuko tayari motoni na tutakula harufu yote kwa pamoja. Wewe na Mama vuteni mpaka mwisho, hakuna atakayeinuka. Tunakuombea wewe na Dada Judith afya, usingizi mrefu, na asubuhi nyingi Karatu zisizo na kengele ya mtu yeyote.

Fabian, karakana, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kambi ya Ukungu